Hivi kwanini vijiji vya hii wilaya ya Ujerumani vimejengwa duara? (Lüchow-Dannenberg)

#1 Kiroboto wa Elbe

Wakuu habari za muda.

Nipo Ujerumani mwaka wa pili, nasomea uuguzi wa wazee, na nimepangiwa wilaya moja inaitwa Lüchow-Dannenberg. Iko pembeni kabisa mashariki mwa jimbo la Niedersachsen, ukivuka mto Elbe sehemu nyingi umeshaingia jimbo lingine. Wenyeji wanapaita Wendland. Hapa ndio wilaya yenye watu wachache kuliko zote Ujerumani nzima, hawafiki elfu 50 na eneo ni zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Kuna siku naendesha gari dakika ishirini nakutana na trekta moja na swala.

Sasa mambo yanayoniumiza kichwa. Kazi yangu ni kuzunguka kwa wazee majumbani, nawaogesha, nawapa dawa, nasonga mbele. Vijiji vyao vimejengwa duara. Unaingia kwa njia moja, unakuta uwanja wa majani katikati na miti mikubwa, nyumba zote zimekaa kuuzunguka zimekutolea macho, afu barabara imeishia hapohapo, unatokea ulikoingilia. Nyumba kubwa kama godauni, mbao nyeusi zimepishana na matofali mekundu, na juu ya mlango mkubwa kuna boriti imechongwa jina la mume na mke waliojenga, mwaka, na mstari wa Biblia. Nikiuliza kwanini duara kila mzee ana jibu lake.

La pili majina. Satemin, Meuchefitz, Kukate, Dolgow. Mjerumani gani anaita kijiji Kukate?

La tatu, kwenye mageti na miti kuna X kubwa za mbao zimepakwa rangi ya njano. Wiki ya kwanza nilijua ni dhehebu, nikawa naomba kimoyomoyo kabla ya kugonga mlango.

Wajuzi mje.

#2 Mjomba Chuma

Hilo ni boma la Wamasai mkuu, umesafiri masaa nane kwa ndege kwenda kuona boma. Kaangalie vizuri katikati kama hamna ng'ombe.

#3 Nyangumi77

Rekebisho dogo kwa mleta mada. Wilaya yenye watu wachache kwa idadi ni kweli ni hiyo. Ila kwa msongamano sio ya mwisho, inapata kama watu 40 kwa kilomita ya mraba, na jirani yake ng'ambo ya Elbe, Prignitz, iko chini ya hapo, hata Altmark upande wa Salzwedel wako chini ya hapo. Ukisema ya mwisho kwa msongamano kwenye ile iliyokuwa Ujerumani Magharibi hapo utakuwa sahihi.

#4 mama Tunu

X ya njano sio dini mwanangu 😂 ni taka za nyuklia. Mimi nilikuwa Lüneburg miaka ya nyuma, kila Novemba polisi wanajaa mpaka mikate inaisha dukani. "Siku X" ndio ile siku treni ya taka inafika, kwahiyo watu wakaweka X kila mahali kwamba sisi tutakaa njiani. Wataalamu watakueleza zaidi, mimi niko kazini.

#5 Bibi Kitabu

Kiroboto, swali lako la pili ndilo linajibu la kwanza, au angalau watu wengi waliamini hivyo kwa muda mrefu.

Hao waliokuwa wakiishi hapo walikuwa Waslavi, Wajerumani wakiwaita Wenden, ndio maana Wendland. Majina yanayoishia -ow, -itz na -in ni ya kwao. Lugha yao wataalamu wanaiita Kipolabi, yaani ya watu wa kando ya Laba, na Laba ndio Elbe hiyohiyo unayoiona. Wale wa vilimani upande wa magharibi wa wilaya waliitwa Drevani, watu wa msituni, jina limebaki mpaka leo kwenye milima ya Drawehn.

Kinachonigusa mimi ni jinsi lugha ilivyokufa. Kulikuwa na mkulima mmoja wa kijiji cha Süthen, Johann Parum Schultze, mtu wa jembe sio msomi, ambaye miaka ya 1720 aliandika habari za kijiji chake na kuweka maneno ya kwao humo. Akaandika kwamba yeye na wengine watatu pale kijijini wakishaondoka, hakuna atakayejua hata mbwa anaitwaje kwa Kiwendi. Alifariki 1740. Na mchungaji wa Wustrow, Christian Hennig, alikusanya kamusi nzima kwa kumhoji mkulima wa kijiji cha Klennow. Mzungumzaji wa mwisho anayetajwa ni bibi Emerentz Schultze wa Dolgow, alifariki Oktoba 1756 akiwa na miaka 88. Umetaja Dolgow hapo juu na hukujua.

#6 Kipanga Mweusi

Bibi Kitabu hao Wenden si ndio Wasorbi? Mbona bado wapo na wana redio yao kabisa.

#7 Bibi Kitabu

Hapana. Wajerumani waliwaita wote Wenden kwa hiyo jina linachanganya. Wasorbi wako Lausitz, mbali kusini mashariki, na lugha yao inasemwa mpaka leo. Hawa wa Elbe lugha yao ni nyingine, imekufa.

#8 Kipanga Mweusi

Nimeelewa asante.

Ila hiyo ya mbwa imenichoma. Babu yangu mimi ana lugha ambayo baba anaielewa nusu na mimi najua salamu na matusi tu. Mtu akiniuliza mbwa anaitwaje naanza kukohoa.

#9 Mjomba Chuma

Matusi ndio ya mwisho kufa, usijali lugha yenu bado ina miaka mia.

#10 Nyangumi77

Turudi kwenye duara. Nadharia ninazozijua mimi:

Ya zamani ni ya ulinzi. Njia moja ya kuingia, unaifunga na magogo usiku, adui na mbwa mwitu wanabaki nje. Ya pili ni mifugo, uwanja wa katikati ng'ombe wanalala. Ya tatu kwamba Waslavi ndivyo walivyojenga kwa asili yao, damu na utamaduni. Hii ya tatu ilipendwa sana karne ya 19.

Ya nne ni ya mtaalamu wa jiografia Wolfgang Meibeyer, yeye anasema hamna cha asili wala nini, ni mradi. Karne ya 12 mabwana wa Kijerumani walikuwa wanapanua mashamba wakawapanga wakulima wa Kislavi kwenye viwanja kwa ramani moja, ndio maana vinafanana hivyo. Viwanja ni kama vipande vya keki, kwa mbele vyembamba kwenye uwanja, kwa nyuma vinapanuka kuelekea bustani na msitu.

Mimi nipo na ya nne. Mtu mmoja akipanga vijiji vingi kwa muda mfupi ndio unapata kitu kama hicho, kama vile vijiji vya ujamaa vilivyonyooka mstari mmoja kando ya barabara.

#11 Dereva Mzoefu

Ya ulinzi siikubali ata kidogo, nyumba ni za mbao na zamani paa zilikuwa za nyasi, adui akitupa kijinga kimoja cha moto mmekwisha wote. Ata bila adui, Satemin iliungua 1850 ikajengwa upya, ndio maana kiroboto ukiangalia vibao vya milangoni pale nyumba nyingi ni umri mmoja. Sasa ngome gani inaungua kwa kibatari.

Alafu kwenye iyo ya mifugo, uwanja wenyewe mdogo, mimi nimeingia na lori kupeleka chakula cha nguruwe kwa mkulima mmoja nikashindwa kugeuza. Nilirudi rivasi mita kama mia mbili huku bibi mmoja ananipigia makofi dirishani. Lori halina tofauti na ng'ombe 30.

#12 Kiroboto wa Elbe

Dereva kumbe na wewe upo huku!! Bibi wa makofi namjua nadhani 😂

Asanteni wakuu. Bibi Kitabu nimesoma ile ya Dolgow nikanyamaza, kesho nina mgonjwa pale.

#13 Wanjiku_Ujerumani

Wadau, mimi niko Hitzacker, wilaya hiyo hiyo upande wa Elbe. Mbona mnaongea ni kama ni vijiji vya duara pekee? Hii wilaya iko na miji mitano: Lüchow, Dannenberg, Hitzacker, Wustrow na Schnackenburg. Ingawa Schnackenburg kuiita mji ni heshima tu, watu ni mia kadhaa.

Hitzacker mji wa kale uko kwa kisiwa, mto Jeetzel unapita kando ukiingia Elbe. 2002 maji iliingia, 2006 tena, mpaka wakajenga ukuta. 2013 mafuriko kubwa ikakuja na ukuta ukashikilia. Mwenye nyumba yangu ameweka alama kwa ukuta wa jikoni, ya 2002 inanifikia kifuani. Yeye anaosha vyombo hapo kila siku akiiangalia, ni kama picha ya harusi.

#14 Mjomba Chuma

Sasa wilaya ina watu elfu 48, mafuriko, nyuklia na lugha imekufa. Kiroboto wewe ulimkosea nani ubalozini?

#15 Simba wa Jangwani

Mnazunguka tu, sababu ya wilaya kuwa tupu ni moja: mpaka. Ukiangalia ramani ya kabla ya 1990 hiyo wilaya ni kidole kimechomekwa ndani ya Ujerumani Mashariki, pande tatu ni uzio na mabomu ya ardhini. Hakukuwa na pa kuvukia popote. Nani aweke kiwanda hapo? Serikali ya Bonn (Ujerumani Magharibi) ikawa inatoa ruzuku ya maeneo ya mpakani, viwanda kidogo vikaja kwa ajili ya ruzuku, ukuta ulipoanguka ruzuku ikakatwa.

#16 Nyangumi77

Simba hapo "popote" umeteleza. Bergen an der Dumme kilifunguliwa kituo cha kuvuka kwenda Salzwedel mwaka 1973, kipo ndani ya wilaya. Kwenye Elbe ndio kweli hakukuwa na daraja wala kivuko cha watu.

Na hata kabla ya mpaka hapakuwa pa maana. Pato la hawa watu lilikuwa kitani. Walilima, wakasokota majira ya baridi, wakafuma, kitambaa kikapelekwa kukaguliwa na kupigwa mhuri Lüchow au Wustrow. Zile nyumba kubwa ni hela ya kitani. Pamba ya viwandani ilipokuja soko likafa na watu wakaanza kuondoka karne hiyohiyo ya 19. Mpaka umekuta wameshaanza kuondoka.

#17 Dereva Mzoefu

mimi nasema barabara. Wilaya nzima haina hata kilomita moja ya autobahn. Lüchow ndio makao makuu na haina treni ya abiria, iliyopo inatoka Lüneburg inaishia Dannenberg Ost na ukiikosa unasubiri masaa. Zamani iyo reli ilikuwa inaendelea ng'ambo, daraja la Dömitz, lilijengwa miaka ya 1870 karibu kilomita nzima, Wamarekani wakalipiga bomu Aprili 1945 vita imebaki wiki mbili. Upande wa huku matao yamebaki yamesimama kwenye majani yanaelekea mtoni afu yanakatika. Ukisimama chini yake unaona kondoo, unaona mto, hakuna kingine. Mholanzi mmoja alilinunua mnadani. La barabara lilikuja kujengwa upya likafunguliwa Desemba 1992, yaani miaka 47 watu wanaonana ng'ambo hawavuki

#18 Simba wa Jangwani

Nyangumi nakubali Bergen, nilisahau. Ila kitani kilikufa Ulaya nzima, mbona kwingine hawakubaki tupu? Na daraja la Dereva limeharibiwa kwa vita lakini limekosa kujengwa kwa sababu ya mpaka. Kwahiyo tunarudi palepale nilipoanza.

#19 Wanjiku_Ujerumani

Hapo kwa mpaka kuna kitu ya kuchekesha. Ng'ambo yetu kuna kijiji inaitwa Rüterberg. Upande wa Mashariki waliizungushia uzio mbele na nyuma, yaani wanakijiji walikuwa wanaingia kwao kwa geti na kibali, na usiku linafungwa. Tarehe 8 Novemba 1989 wakakutana wakajitangaza jamhuri ya kijiji. Kesho yake ukuta wa Berlin ukafunguliwa. Walikosa subira ya siku moja tu.

#20 mama Tunu

Nimetoka kazini sasa naandika kwa raha.

Wanjiku hiyo jamhuri yenu ni ya pili. Ya kwanza ilikuwa upande huu, Gorleben. Tarehe 22 Februari 1977 waziri mkuu wa jimbo Ernst Albrecht alitangaza kwamba taka zote za nyuklia zitazikwa kwenye mwamba wa chumvi chini ya Gorleben. Wakulima wa pale walikuwa wapiga kura wa chama chake, wahafidhina wa kwenda kanisani, hawajawahi kuandamana maishani. Machi 1979 wakawasha trekta wakaenda nazo Hannover, safari ya wiki, na wako njiani ndio kile kinu cha nyuklia cha Harrisburg kule Marekani kikaharibika. Walipofika Hannover tarehe 31 walikuta umati wa kama laki moja.

Mei 1980 vijana na wenyeji wakakaa msituni kwenye kisima cha uchunguzi namba 1004, wakajenga vibanda vya mbao, wakapaita Jamhuri Huru ya Wendland. Wakatoa na pasipoti, mpaka leo kuna wazee wamezitunza. Ilidumu mwezi mmoja, 4 Juni polisi wakaja na mabuldoza wakabomoa yote.

Afu kuanzia 1995 yakaanza kuja makasha ya taka za nyuklia, wanayaita Castor. Treni mpaka Dannenberg, pale yanahamishiwa kwenye malori, kama kilomita 20 za mwisho kwa barabara. Hizo kilomita 20 ndio zilikuwa vita. Watu wanajifunga kwenye reli, wakulima wanafunga njia na trekta, kondoo wanaachiwa barabarani. Mara ya mwisho Novemba 2011. Jirani yangu alikuwa anawapikia supu ya viazi waandamanaji na mtoto wake ni polisi alikuwa zamu upande wa pili. Akampelekea na yeye sufuria.

#21 Chakubanga Mtaani

Kwahiyo zilizikwa?

#22 mama Tunu

Hazikuzikwa hata moja. Walichimba mgodi mpaka mita 840, 2020 shirika la serikali linalotafuta eneo likatoa orodha ya sehemu zinazofaa na Gorleben haimo, kwamba tabaka za juu ya chumvi hazifai. Miaka 43 hiyo. Mwaka uliofuata wakaamua mgodi ufungwe. Ila makasha 113 yapo juu ya ardhi kwenye ghala palepale Gorleben, kibali chake mpaka 2034, baada ya hapo hakuna anayejua yaende wapi. Ndio maana X hazijatolewa mdogo wangu Kiroboto.

#23 Kipanga Mweusi

Na kwanini walipachagua kwanza? Watu wachache?

#24 Simba wa Jangwani

Mpaka.

#25 Mjomba Chuma

Simba ukiumwa tumbo pia ni mpaka 😂😂

#26 Simba wa Jangwani

Cheka tu. Gorleben iko jirani kabisa na iliyokuwa Mashariki. Unaweka jalala mpakani ili harufu iende kwa jirani. Na Mashariki nao walikuwa na lao Morsleben, karibu na mpaka vilevile. Walikuwa wanajibizana.

#27 Nyangumi77

Serikali yenyewe ilisema jiolojia, mwamba mkubwa wa chumvi na haujachimbwa. Wapinzani wanasema siasa. Wengine wanasema Albrecht alitaka ajira kwenye wilaya maskini, kweli alitarajia wenyeji watashukuru. Nadhani ni vyote vimechanganyika, na watu wachache maana yake kura chache za kupoteza. Walichokosea ni kudhani wachache maana yake wapole.

#28 Bibi Kitabu

Wapole? Huko ndiko mfalme alifungwa. Valdemar wa Pili, mfalme wa Sweden, alitekwa na mtawala mdogo tu, Heinrich wa Schwerin, akafungiwa mnara wa Dannenberg. Mnara bado upo.

#29 Wanjiku_Ujerumani

Denmark bibi, sio Sweden. Mnara unaitwa Waldemarturm, nimepanda. Alitekwa 1223 kwa kisiwa akiwa ametoka kuwinda, na akaachiliwa mwisho wa 1225 baada ya kukubali kulipa fidia kubwa.

#30 Bibi Kitabu

Denmark, ni kweli, uzee huu. Nisamehewe.

Nilipe deni kwa kisa kingine. Dannenberg hiyohiyo alifia Eleonore Prochaska, binti wa Potsdam aliyejiandikisha jeshini kama mwanaume kwa jina la August Renz kupigana na Wafaransa. Alijeruhiwa kwenye vita vya msitu wa Göhrde tarehe 16 Septemba 1813, waligundua ni mwanamke walipotaka kumfunga jeraha, akafa wiki tatu baadaye na kaburi lake lipo mjini hapo.

#31 Nyangumi77

Naongezea tu kwamba msitu wa Göhrde uko wilaya hiyo lakini uwanja wa mapigano sehemu kubwa uko upande wa wilaya ya Lüneburg.

#32 Chakubanga Mtaani

Naomba kuuliza kitu cha kijinga. Hiyo "wilaya" ni kama wilaya zetu? Ina DC?

#33 Nyangumi77

Sio swali la kijinga. Inaitwa Landkreis, mkuu wake Landrat, ila huku hateuliwi na mtu, wananchi wanampigia kura moja kwa moja. 2021 walimchagua mwanamke, Dagmar Schulz. Kuna na baraza la wilaya. Chini yake kuna miungano mitatu ya vijiji: Elbtalaue, Lüchow na Gartow. Mpaka 2006 ilikuwa mitano.

Wilaya zenyewe ziliundwa na Waprusi 1885, mbili tofauti, Lüchow na Dannenberg. 1932 wakaziunganisha kubana matumizi, makao makuu yakawa Dannenberg. 1951 yakahamia Lüchow na jina likawa hilo refu. Lakini namba za magari ni DAN, kwahiyo watu wa Lüchow wanaendesha wakiwa na jina la jirani mgongoni. Usiwaulize wakiwa wamekunywa.

#34 Dereva Mzoefu

Nilishawauliza. Jibu nililopewa haliandikiki humu

#35 Mjomba Chuma

Sasa wameunganisha wilaya mbili na bado ni ndogo kuliko zote. Si waimalizie wairushe Lüneburg ijulikane moja.

#36 Wanjiku_Ujerumani

Hiyo maneno huja mara kwa mara na kila mara watu hapa wanawaka. Unaambiwa sisi tuliikataa nyuklia, unatuletea Lüneburg?

#37 Kiroboto wa Elbe

Wakuu nimerudi na ripoti.

Nilienda Dolgow nikamuuliza mgonjwa wangu kuhusu bibi Emerentz. Anamjua kwa jina. Akaniambia mama yake alikuwa na maneno mawili matatu ya shambani ambayo shuleni mwalimu alisema sio Kijerumani, lakini hakumbuki tena ni yapi, alijaribu mpaka chai ikapoa. Sikuamua ni ya Kiwendi au ni Kijerumani cha kale cha vijijini, Bibi Kitabu utasema.

Kuhusu duara nimepata nadharia ya tano. Mzee wa nyumba ya pili, miaka 91, anasema walijenga hivyo ili kila mtu aone nani amerudi saa ngapi na amerudi na nani. Mkewe akasema sio hivyo, ni kwa sababu hakuna aliyekubali nyumba ya jirani iwe mbele ya yake. Wakaanza kubishana nikachelewa kwa mgonjwa wa tatu.

#38 Nyangumi77

Ya mke wake naipenda kuliko ya Meibeyer.

#39 Bibi Kitabu

Kiroboto, yanaweza kuwa Kijerumani cha chini cha kule, Plattdeutsch, maana ndicho kilichoimeza lugha ile na bila shaka kilibaki na maneno yake mdomoni. Kama atakumbuka hata moja liandike kama anavyolitamka, usilinyooshe.

Na kuhusu duara, nina mashaka na mradi wa Nyangumi. Nyumba tunazoziona leo ni za karne ya 18 na 19. Karne ya 12 hazikuwepo, vijiji vilikuwa na kaya chache mno, pengine ni kama kiatu cha farasi tu, duara likajaa baadaye watu walipogawana viwanja.

#40 Nyangumi77

Kugawana baadaye hakupingi kwamba mwanzo kulipangwa bibi.

#41 Bibi Kitabu

Wala hakuthibitishi.

#42 Dereva Mzoefu

na kanisa je? mbona makanisa yao mengi yako nje ya duara? Satemin kanisa liko pembeni peke yake. Kama ni Wajerumani Wakristo waliopanga ramani si wangeliweka katikati

#43 Simba wa Jangwani

Hapo Dereva umetoa bonge la pointi.

#44 Nyangumi77

Au kanisa lilikuja nafasi imeshajaa. Au lilikuwa la vijiji vingi kwa pamoja. Nakiri imenikaa vibaya, nitarudi.

#45 Chakubanga Mtaani

Kiroboto nina likizo Mei nataka nije nione. Kuna cha kuona au ni viazi tu?

#46 mama Tunu

Njoo kati ya sikukuu ya Kupaa na Pentekoste, wana Kulturelle Landpartie, vijiji vinafungua mabanda, kila mtu anauza sufuria za udongo, keki, michoro, miziki. Ilianza kama sehemu ya upinzani wa Gorleben. Ukiwa Lübeln kuna makumbusho ya hizo nyumba. Na nyika ya Nemitz, ambayo ilikuwa msitu wa misonobari ukaungua 1975, sasa ni vichaka vya maua ya zambarau na kondoo, ila maua ni Agosti sio Mei.

#47 Chakubanga Mtaani

Usafiri?

#48 Wanjiku_Ujerumani

Treni mpaka Dannenberg Ost, halafu basi ya kuita kwa simu, unapiga mapema kabla ya safari. Mimi nilipiga nikaambiwa itakuja saa nane, ikaja saa nane ya kesho yake. Nilikuwa nimeshatembea kilomita tisa na begi la magurudumu, na ile barabara ni ya mawe.

#49 Dereva Mzoefu

Chakubanga niambie tarehe nikuchukue Lüneburg, napita na lori. ila ndani ya duara siingii tena, nakushusha barabara kubwa unatembea

#50 Kiroboto wa Elbe

Akushushe Satemin nitakuja na baiskeli mbili. Nyangumi usisahau kanisa.